Puto la rangi ya machungwa zizini: kisa cha Superflex na biogesi, Tanzania 1997

Mtambo wenyewe ulikuwa wa kupikia. Kinyesi cha ng'ombe kinaingia upande huu, gesi inatoka juu, mbolea inatokea upande wa pili. Kilichoufanya uzungumzwe kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya ni waliouleta. Agosti 1997, kwenye shamba dogo katikati ya Tanzania, ulifungwa na kundi la wasanii: Superflex wa Copenhagen, Denmark, kundi lililoanzishwa mwaka 1993 na Jakob Fenger, Rasmus Nielsen na Bjørnstjerne Christiansen. Waliuita Supergas, wakaupa umbo la puto la rangi ya machungwa iliyokolea, na wakasema hii ndiyo kazi yetu ya sanaa.

Ni kisa cha zamani kidogo, lakini kila kundi la wasanii linalotaka kutoka ukumbini na kufanya kitu cha kuwafaa watu linapita njia hiyohiyo, na wengi hawajui kwamba kuna waliokwisha kujikwaa pale. Waandishi wa sanaa wamekichambua kwa maneno makubwa. Sisi tunakitazama kwa ndoo: kinyesi kiasi gani, maji kiasi gani, nani anaziba tundu likitokea. Kwa maoni yetu Superflex walipatia palipo pagumu, yaani kumhesabu mkulima kuwa mteja. Walipoteleza ni kwenye jambo ambalo fundi wa biogesi wa Morogoro angewarekebishia kwa kalamu na kipande cha karatasi.

Waliyoahidi

Superflex huziita kazi zao zana. Maana yake ni kwamba kazi haijakamilika inapotazamwa. Inakamilika mtu anapoishika, akaitumia, ikibidi akaibadilisha. Mtambo waliubuni pamoja na wahandisi wa Denmark na wa Afrika, na mwenyeji wao Tanzania alikuwa SURUDE, taasisi ya maendeleo endelevu ya vijijini iliyokuwa ikifanya kazi na wafugaji wadogo. Maelezo ya kazi yalisema hivi: kinyesi cha ng'ombe 2 au 3 kitatoa takriban mita za ujazo 4 za gesi kwa siku, nazo zinatosha familia ya watu 8 hadi 10 kupikia na kuwasha taa moja jioni. Mtambo uwe mwepesi, unaohamishika, na bei yake iwe ya kumudu. Familia inunue, isipewe.

Hawakukuta uwanja mtupu. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, walianza na matangi ya chuma yanayoelea, muundo wa Kihindi, mwaka 1975. Miaka ya 1980 CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, ikisaidiana na Wajerumani wa GTZ, shirika lao la ushirikiano wa kiufundi, ikaeneza kuba la matofali linalojengwa chini ya ardhi. Tangi la chuma huliwa na kutu. Kuba hudumu miaka mingi, ila linataka mwashi aliyefunzwa, saruji nzuri na pesa ambazo mwenye ng'ombe wawili hana. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ikaja aina ya tatu: mrija mrefu wa nailoni uliolazwa kwenye handaki, wa bei ndogo kuliko yote. Waliousambaza kwa wakulima wa Turiani na kwingineko ni SURUDE, haohao waliowapokea wasanii. Jambo hilo halitajwi sana maonyesho yanapozungumzwa.

Hesabu ya kinyesi

Kilo 1 ya kinyesi kibichi cha ng'ombe, kwenye joto la nyanda zetu, hutoa lita 30 hadi 40 za gesi. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa bandani hutoa kilo 15 hivi kwa siku, na chote unakipata kwa sababu haendi popote. Ng'ombe watatu ni kilo 45. Zidisha kwa 40, ukiwa mkarimu: lita 1,800, yaani mita za ujazo 1.8. Ili ufikishe 4 unahitaji kilo 100 za kinyesi kila siku, sawa na ng'ombe karibu 7 wa bandani.

Na hao ni wa bandani. Ng'ombe wa asili anayechungwa anaacha sehemu kubwa ya mali malishoni. Unachokuta zizini asubuhi ni kilo 5 hivi kwa kila mmoja. Watatu wa namna hiyo wanakupa kilo 15, gesi lita 600 kwa hesabu ya matumaini. Jiko moja la biogesi linakula kama lita 400 kwa saa. Saa moja na nusu, moto umekwisha, na maharage bado yanagonga meno.

Kuna anayesema choo kiunganishwe. Mtu mzima haongezi zaidi ya lita 30 kwa siku. Familia ya watu 10 inaongeza lita 300, chini ya saa moja ya jiko. Tena wapo wengi ambao hawataki hata kusikia kwamba ugali umeivia gesi ya chooni, na kuwabeza hakusaidii. Hilo linajadiliwa na mama mwenye jiko kabla handaki halijachimbwa.

Kinachosikitisha ni kwamba ahadi haikuhitaji kutiwa chumvi. Chukua hizo lita 1,800. Karabai ya biogesi inakula lita 120 hivi kwa saa. Iwashe saa 2, umetumia 240. Zilizobaki zinaendesha jiko moja karibu saa 4. Hapo chai ya asubuhi, ugali wa mchana na mboga ya jioni vinapikika bila kuni, na maharage unayapangia siku yake. Kwa kaya inayopikia kuni hayo ni mapinduzi tosha. Lakini aliyeambiwa mita 4 akapata 1.8 anaona mtambo umeharibika, hata kama unafanya kazi vizuri kabisa. Ataulisha kupita kiasi ili utoe zaidi, uchachu utapanda, wale bakteria wa kutengeneza methane, ile gesi inayowaka, watadhoofika, na sasa utakuwa umeharibika kweli.

Ndoo nne kila asubuhi

Kazi ya kulisha haionekani kwenye picha ya maonyesho, nayo ndiyo kazi yenyewe. Ndoo 2 za kinyesi na ndoo 2 za maji, za lita 20, zinamiminwa kwenye pipa lililokatwa nusu. Unakoroga kwa mti, kisha kwa mkono, mpaka mabonge yaishe na upate uji mzito unaomwagika bila kukatika. Mabua na majani unayaopoa kwa vidole, kwa sababu yakiingia yanaelea juu na kufanya utando mgumu ambao gesi haiupenyi. Kisha unasubiri kidogo mchanga utuame, unamimina polepole, na kile kijitope cha chini unakimwaga nje. Ukivivia hatua hii ya mwisho huoni tofauti mwaka wa kwanza. Baadaye unakuta nafasi ya ndani imejaa mchanga na gesi imepungua bila sababu inayoonekana.

Maji ndiyo mtihani. Kilo 45 za kinyesi zinataka lita 45 za maji, nje ya maji ya kunywesha hao ng'ombe. Katikati ya Tanzania, Septemba na Oktoba, ndoo mbili na ushee ni safari nzima ya kisimani, na anayekwenda ni yuleyule aliyekuwa akienda kuni. Ukimwondolea mzigo wa kuni ukamtwika wa maji hujampunguzia kitu. Suluhisho lipo: sakafu ya banda isakafiwe kwa mteremko, mkojo na maji ya kuoshea vitiririkie kwenye pipa la kukorogea. Maji yenye sabuni au dawa ya kuogeshea mifugo yasiguse pipa hilo. Ila sakafu ni saruji, na saruji haikuwemo kwenye bei ya mtambo unaohamishika.

Tena mtambo mpya hautoi gesi siku unapofungwa. Unasubiri wiki 3 hadi 4, na gesi ya mwanzo unaiachia ipotee, kwa kuwa ina hewa ndani yake na mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Kujaribu kunafanyika jikoni, mwisho wa bomba, kamwe si kwenye mtambo. Kwa kundi la wasanii hili lina athari ya moja kwa moja: tarehe ya uzinduzi, picha na wageni huwa vimepangwa mapema, na siku ya kufunga hakuna moto wa kuonyesha. Panga safari ya pili, au acha mtu pale.

Mrija wa nailoni, kwa kulinganisha

Tunaueleza mrija kwa urefu kwa sababu ndiyo kipimo halisi cha lile puto.

Handaki linachimbwa mita 10 urefu, sentimita 90 upana wa juu, 70 upana wa chini, kina 90. Kuta zinalainishwa, mizizi na mawe vinaondolewa, magunia ya zamani yanatandikwa. Nailoni ya mrija yenye kipenyo cha sentimita 80 inakatwa vipande 2 vya mita 12, kimoja kinaingizwa ndani ya kingine ili ukuta uwe maradufu. Anayeingia ndani kuunyoosha anavua viatu, saa na mkanda. Tundu la gesi linatobolewa mita moja na nusu kutoka upande wa kulishia, juu kabisa. Maungio mawili ya plastiki yanabanana kutoka ndani na nje, katikati yao washa zilizokatwa kwenye tyubu ya gari. Kila mwisho wa mrija unakunjwa kuzunguka bomba la kipenyo cha sentimita 15, urefu wa mita moja hivi, na kufungwa kwa mikanda ya tyubu ya upana wa sentimita 5, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Mrija unajazwa hewa, unalazwa handakini, kisha maji yanaingizwa mpaka yafunike midomo ya mabomba yote mawili. Bila hilo gesi itatoroka kwa mlango wa mbele.

Ujazo wake ni mita za ujazo 5 hivi, 4 za tope na 1 ya gesi. Ukiulisha lita 90 kwa siku, tope linakaa ndani siku 44, muda unaotosha kwenye joto letu. Kwenye bomba la gesi kunawekwa chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, yenye maji, na mguu mmoja wa tii, kiungio cha bomba chenye midomo mitatu, umezama sentimita 4. Shinikizo likizidi, gesi inatoka kwa mapovu badala ya kupasua nailoni. Gesi inatunzwa kwenye mrija mwingine wa mita 3 au 4, unaoning'inizwa darini jikoni. Wakati wa kupika unaufunga kamba na kuning'iniza jiwe ili moto upate nguvu.

Kila kitu hapo kinapatikana mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi au kwa fundi baiskeli. Na kila kitu hapo kinaharibika. Jua linakausha nailoni, kwa hiyo bila kibanda cha makuti au majani unahesabu miaka miwili au mitatu, pengine hata hiyo haifiki. Mbuzi hupenda kutembea juu yake. Kuku anadonoa. Maji ya mvuke yanatuama kwenye bonde la bomba na kuziba gesi, moto unaanza kurukaruka, na watu wanadhani kinyesi kimepungua kumbe lilihitajika bomba lenye mteremko na tundu la kutolea maji. Gesi ina harufu ya mayai viza, na hiyohiyo inayonuka ndiyo inayokula vyuma vya jiko na taa. Ile taa nayo ni tatizo la pekee: karabai inataka shinikizo ambalo mrija haulifikii kwa urahisi, na kisoksi chake, kile kifuko kinachotoa mwanga, kinapukutika ukikigusa.

Sasa weka puto la machungwa kando ya haya. Kama chombo kilichokamilika lina faida za kweli. Halihitaji mwashi, linahama pamoja na familia, na linavyoonekana linamfanya mwenye nalo asijione anatumia vifaa vya maskini. Wasanii walilitaka hilo kwa makusudi: mkulima wa kisasa, mwenye ladha, anayechagua. Lakini kitu kilichokamilika kiwandani kinarudi kiwandani kikiharibika. Mkanda wa tyubu unakatwa na mtoto wa darasa la 5.

Rangi na mteja

Kuba la CAMARTEC limefukiwa. Ukipita njiani hulioni. Rangi ya machungwa inaonekana kutoka mbali, jirani anauliza, na hapo ndipo palipo na sanaa ya hadhara, kama tunataka kuitafuta. Mtambo ulitangaza zizini kwamba hapa pana nishati. Wahandisi wengi huidharau kazi hiyo, wakati bidhaa isiyoonekana haienei. Tungeshauri mradi wowote wa biogesi utumie msanii kwa jambo hili hili, hata kama ni kupaka kifuniko tu.

Mashtaka dhidi ya Superflex yalikuja kutoka pande mbili. Wa kwanza walisema huu ni msaada wa Wazungu uliovalishwa joho la sanaa. Wa pili walisema ni biashara iliyovalishwa joho hilohilo. Hili la pili kwetu ni sifa. Anayenunua analalamika kitu kikimfia mkononi. Anayepewa hushukuru na kunyamaza, na ndiyo maana mitambo ya msaada hufa kimyakimya ikageuka mahali pa kuku kutagia. Ila ukishamwita mtu mteja, unadaiwa duka, vipuri, dhamana, na fundi wa kuitwa. Shamba moja la majaribio halizai soko. Tanzania ilipokuja kupata mpango wa kitaifa wa biogesi ya majumbani mwaka 2009, chini ya CAMARTEC, hakikubuniwa chombo cha kushangaza. Walifunzwa mafundi wengi, wateja wakafuatiliwa, na mitambo ikajengwa kwa maelfu. Ni kazi ya kuchosha, isiyopigika picha.

Superflex wenyewe hawakuishia hapo. Supergas ilifika Kambodia, na pia Thailand, kwenye eneo la wasanii liitwalo The Land karibu na Chiang Mai, ambako kuna watu wanaoishi palepale. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, maana tope linataka mtu kila asubuhi. Mwaka 2002 waliigeuza PH5, taa maarufu ya Kidenmarki iliyobuniwa na Poul Henningsen mwaka 1958, ikawa taa ya biogesi. Ni mzaha mzuri, na unaeleweka vizuri zaidi Copenhagen kuliko Dodoma. Ukumbini, puto linasimama safi, bila harufu, bila nzi, bila mwanamke mwenye mikono ya kijani hadi kwenye kiwiko. Hatulaumu maonyesho, pesa ya jaribio ilibidi itoke mahali. Lakini lebo ukutani inayosema mita 4 kwa siku inasomwa na watu wasiowahi kukoroga pipa, na hakuna hata mmoja atakayeinua mkono.

Kabla ya kuondoka kijijini

Kundi litakalojaribu kitu cha namna hii, iwe ni biogesi, kisima au taa za jua, lipime kwanza wiki nzima: kinyesi kwa mizani kila asubuhi, maji kwa ndoo, saa za jiko kwa kila mlo. Ahadi iandikwe kutokana na siku mbaya kuliko zote za wiki hiyo. Makubaliano yaseme mtambo ni wa nani, na jina liwe la anayeulisha, ambaye mara nyingi si yule aliyewapokea wageni sebuleni. Kwenye bajeti, ziara za mwezi wa 1, wa 3 na wa 12 zitangulie picha na katalogi.

Na sanduku libaki. Kwa mrija tuliouelezea, ndani yake: nailoni mita 26, kwa sababu lazima itabadilishwa, tyubu 3 za gari zilizokwisha kazi, koki 2, bomba laini la gesi mita 5, tii na elbo mbilimbili, visoksi 6 vya karabai, wembe, na chupa ya maji ya akiba. Kwenye kifuniko liandikwe kwa rangi isiyofutika jina na namba ya fundi anayefikika kwa baiskeli. Rangi ya machungwa itafaa.